Kadi za grafiki zinazoungua: mtumiaji asitwishwe kosa lisilo lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nijibu makala iliyochapishwa katika ukurasa wa teknolojia, ambayo mwandishi wake alifikia uamuzi kwamba kadi za grafiki (vifaa vya ndani ya kompyuta vinavyochora picha za skrini) za daraja la juu huharibika kwa sababu ya uzembe wa watumiaji wasiojua kuchomeka plagi wala kupuliza vumbi. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kazi yangu ya kila siku ni kuzifungua kadi hizo zikiwa zimekwisha kufa au zikiwa njiani kufa. Sina ugomvi na mwandishi wenu, na sehemu ya aliyoyaandika ni kweli. Ila hitimisho lake linamtwisha lawama mtu asiyestahili, huku wale waliovisanifu vifaa hivyo wakiachwa wanawe mikono.

Niruhusu nianze na kadi moja iliyo mezani kwangu ninapoandika barua hii. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa kuwa shauri kati yake na mwenye kadi bado halijamalizika. Mwenyewe ni kijana anayetengeneza picha za majengo ambayo hayajajengwa, kazi inayoiacha kadi ikibeba mzigo kamili kwa saa nyingi mfululizo. Aliniambia kwamba alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akadhani inatoka nje, akafunga dirisha na kuendelea na kazi. Baada ya muda skrini ikawa nyeusi na feni zikaanza kuvuma kwa kasi yake yote. Nilipotaka kuichomoa plagi ya umeme ilinibidi niitikise kidogo kidogo, kwa sababu plastiki yake ilikuwa imeyeyuka na kugandana na soketi. Kati ya pini zake 12 nene, kumi zilikuwa safi na zinang'aa. Mbili za pembeni zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia iliyokolea, na plastiki inayozizunguka ilikuwa imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Kile kishikio cha plagi kinachonasa kwenye soketi kilikuwa kimenasa barabara. Alama ya myeyuko ilifika ukingoni mwa soketi bila kuacha mwanya wowote, maana yake plagi ilikuwa imezama hadi mwisho wakati inaungua. Pamoja na hayo yote, jibu alilopewa kijana yule baada ya kusubiri wiki tatu lilikuwa la mstari mmoja: plagi haikuchomekwa ipasavyo.

Ili msomaji aelewe kwa nini siwezi kulikubali jibu hilo, hesabu ndogo inahitajika. Plagi mpya iliyoletwa kwa ajili ya kadi kubwa, yenye pini 12 nene na nne nyembamba za mawasiliano, imeruhusiwa kupitisha hadi wati 600 kwa volti 12. Ukigawanya unapata ampea 50. Nyaya zinazoleta umeme ni sita, na sita nyingine ni za kuurudisha, kwa hiyo kila waya unatakiwa kubeba ampea 8.3 hivi. Pini yenyewe imekadiriwa kustahimili ampea 9.5. Kati ya kazi inayotwishwa na uwezo wake kuna akiba ya asilimia 14 tu. Linganisha na plagi ya zamani ya pini nane, ambayo imeruhusiwa wati 150, na ambayo nyaya zake tatu hubeba ampea nne na ushei kila mmoja ilhali pini zake zinaweza kubeba karibu maradufu ya hapo. Plagi ile ilikuwa kubwa, nzito na ya kuchusha unapolazimika kuchomeka tatu kwa kadi moja, lakini ilikuwa na akiba. Ukiikosea kidogo ilikusamehe, na mimi sikumbuki kuwahi kuikuta imeungua isipokuwa pale mtu alipotumia adapta ya ovyo.

Akiba ndogo ya plagi mpya ingeweza kutosha kama umeme ungekuwa unajigawa sawasawa katika nyaya zote sita. Lakini umeme hufuata zaidi njia yenye ukinzani mdogo. Pini moja ikigusana vizuri kuliko wenzake, na hizo nyingine zikawa na chembe ya uchafu, au waya wake umepindwa karibu mno na plagi, au mpako wa chuma uliowekwa kiwandani ni mwembamba kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, basi ile moja itabeba sehemu kubwa ya mzigo wa wote. Na joto la pini haliongezeki sambamba na mkondo, bali huongezeka kwa mraba wake: mkondo ukiwa maradufu, joto linakuwa mara nne. Februari 2025, siku chache baada ya GeForce RTX 5090, kadi ya kampuni ya NVIDIA, kuingia sokoni, Mjerumani Roman Hartung, mjaribu vifaa vya kompyuta anayejulikana zaidi kwa jina la der8auer, aliipima kadi yake mwenyewe ikiwa kazini na kukuta waya mmoja kati ya sita unapitisha zaidi ya ampea 20, na plagi upande wa pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, imefika nyuzi 150 za Selsiasi katika dakika chache tu. Weka ampea 20 mahali pa 8.3, kisha uzidishe kwa mraba, na utaona kwamba pini hiyo ilikuwa ikizalisha karibu mara sita ya joto lililokusudiwa. Hakuna mtumiaji anayeweza kuliona jambo hilo kwa macho. Plagi imefunga, kompyuta inafanya kazi, skrini inaonyesha picha nzuri, na wakati huohuo plastiki inaiva taratibu ndani ya kasha.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa ya tatizo hili ilikuwapo, kisha ikaondolewa. GeForce RTX 3090 Ti, iliyotoka mapema mwaka 2022, ilitumia plagi ya umbo hilohilo na ilikuwa na ukomo wa wati 450, lakini bodi yake iligawa nyaya sita katika jozi tatu, kila jozi ikiwa na rezista yake ya kupimia mkondo, hivyo kadi iliweza kugundua jozi moja ikizidiwa. Katika RTX 4090, iliyotoka Oktoba mwaka huohuo ikiwa na ukomo uleule wa wati 450, nyaya zote sita zinaunganishwa pamoja mara tu zinapoingia kwenye bodi. Kadi inaijua jumla ya umeme inaoupokea. Haijui nani anabeba nini. Ni kama msimamizi wa wapagazi sita anayeona mzigo umefika juu akaridhika, asijue kwamba umebebwa na mmoja huku watano wakiushika kwa vidole. Sijui fundi wa umeme wa majumbani ambaye angeruhusiwa kusuka nyaya sita namna hiyo bila kuweka fyuzi hata moja katikati, akabaki na leseni yake.

Ni kweli kwamba malalamiko ya kwanza kuhusu RTX 4090, yaliyoanza siku chache baada ya kadi hiyo kutoka, yalihusisha plagi ambazo hazikuingia hadi mwisho. Novemba 2022 NVIDIA ilisema kwamba ilikuwa na taarifa za matukio takriban 50 duniani kote, na kwamba sababu iliyojirudia ni plagi kutochomekwa kikamilifu. Wachunguzi huru nao walikuta alama za plagi zilizokuwa zimening'inia nje kwa milimita kadhaa, na wengine wakakuta vipande vidogo vya chuma ndani ya soketi. Hapa ninamkubalia mwandishi wenu bila kusita. Hata hivyo namwomba atazame kilichofuata. Mwaka 2023 kiwango cha plagi kilirekebishwa: zile pini nne nyembamba zikafupishwa ili kadi isipewe umeme mkubwa kama plagi haijazama, na pini nene zikarefushwa kidogo. Kama kosa lingekuwa la mtumiaji peke yake, kusingekuwa na haja ya kuigusa pini hata moja. Tena, RTX 5090 ilikuja na soketi hiyo iliyorekebishwa, ikiwa na ukomo wa wati 575 badala ya 450, na plagi zikaendelea kuyeyuka. Kifaa ambacho mtu makini anaweza kukikosea bila yeye kujua kwamba amekosea, na kisha kikaungua, kina kasoro ya usanifu; sioni jina jingine la kukiita.

Tabia hii ya kutafuta mtu wa nje wa kumlaumu haikuanza na plagi. Mwaka 2021 baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa ghafla wenyewe wakiwa wanacheza mchezo mmoja uliokuwa bado katika majaribio, na kwa wiki kadhaa watu wengi waliushambulia mchezo wenyewe kwa sababu ukurasa wake wa mwanzo uliiruhusu kadi kuchora picha nyingi kwa sekunde kuliko ilivyohitajika. Baadaye kampuni ya EVGA, ambayo kadi zake ndizo zilizotajwa zaidi, ilieleza kwamba kadi kama dazeni mbili hivi za matoleo yake ya mwanzo zilikuwa na ulehemu mbaya kuzunguka transista za umeme, ikazibadilisha. Programu haiui kadi iliyotengenezwa sawasawa. Inaweza kuifanyisha kazi kwa nguvu, na kadi inapaswa kujipunguzia mwendo yenyewe kabla haijaumia.

Sasa nije kwenye joto, ambako mwandishi wenu alituambia kwamba kinachohitajika ni kupuliza vumbi kila baada ya miezi michache. Vumbi lipulizwe, nami nawahimiza wateja wangu wafanye hivyo. Lakini kadi ya Radeon RX 7900 XTX ya kampuni ya AMD, mshindani wa NVIDIA, iliyotoka Desemba 2022 haikuwa na vumbi. Ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi. Baadhi ya kadi hizo zilizotengenezwa kwa usanifu wa AMD yenyewe zilikuwa zikifika nyuzi 110 katika sehemu ya chipu yenye joto kali kuliko zote, kisha zikapunguza kasi na feni zikapiga kelele kama mashine ya kukoboa. Sababu ilikuwa ndani ya chemba ya mvuke. Hiki ni kisanduku bapa cha shaba kilichofungwa pande zote, chenye maji kidogo ndani na shinikizo la chini la hewa ili maji hayo yachemke mapema. Maji yanachemka juu ya chipu, mvuke unasambaa hadi kwenye mapezi ya kupozea, unapoa na kuwa maji tena, na maji yanarudi kwenye chipu kupitia utambi wa chembe za shaba. Maji yakipungua, sehemu iliyo juu ya chipu inakauka na chemba inageuka kuwa kipande cha shaba tu. Januari 2023 Scott Herkelman, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha grafiki cha AMD, alikiri kwamba kundi fulani la chemba halikuwekewa maji ya kutosha, na kampuni ikakubali kuzibadilisha kadi zilizoathirika. Namsifu kwa kukiri. Lakini fikiria mtumiaji wa kawaida angejuaje: chemba haifunguki, haina dirisha, na kadi inaendelea kufanya kazi, ila kwa kasi ndogo kuliko ile aliyoilipia.

Matatizo hayo mawili yanasikika kwa sababu yanatokea haraka na yanapigwa picha. Yanayonipa mimi kazi nyingi zaidi ni yale ya polepole, na juu ya hayo nimeona machache sana yakiandikwa kwa lugha yetu. Chipu kubwa ya kisasa inakula umeme kwa volti moja hivi; ukiilisha mamia ya wati kwa volti moja, mkondo unaoingia ndani yake ni mamia ya ampea, na wote unageuka kuwa joto katika eneo lisilozidi sana stempu ya barua. Joto hilo lazima lipite kwenye pesti, yaani dawa laini ya kupitisha joto inayopakwa kati ya chipu na kipozaji, kabla ya kufika kwenye shaba. Kadi inapofanya kazi chipu inatanuka na kujikunja kidogo, inapozimwa inarudi, na kila mara pesti inasukumwa pembeni kiasi kidogo sana. Baada ya mwaka au miwili ya matumizi mazito unaifungua kadi unakuta katikati ya chipu, pale penye joto kuliko pote, pamebaki utando mkavu unaokaribia kuonyesha kioo cha chipu, na pesti yote imejipanga pembeni kama povu lililoachwa na maji ya bahari. Joto la wastani linaloonyeshwa na programu linaweza kuwa nyuzi 72, na mwenyewe akaridhika, wakati sehemu yenye joto kali kuliko zote imefika 105. Tofauti ya namba hizi mbili ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama kadi inapoletwa; ikizidi nyuzi 25 au 30 huwa sihitaji kuuliza zaidi, nachukua bisibisi.

Memori nazo zina kilio chake. RTX 3090 ya mwaka 2020 ilikuwa na chipu 24 za memori, nusu yake zikiwa nyuma ya bodi, upande usio na feni, zikipozwa na pedi laini na bamba la chuma basi. Waliozitumia kuchimba sarafu za kidijitali, kazi inayoichosha memori kuliko chipu kuu, waliziona zikifika nyuzi 110 ambapo kadi hujipunguzia kasi. Pedi zikikaa katika joto la namna hiyo hutoa mafuta. Nimefungua kadi ambazo mafuta hayo yalikuwa yametiririka hadi kwenye sehemu ya dhahabu inayoingia kwenye bodi kuu, na mwenyewe akidhani kwamba kuna mtu amezimwagia kitu.

Na chini ya chipu kuna maelfu ya nukta ndogo za lehemu zinazoishikilia. Silikoni hutanuka kidogo sana inapopata joto, lakini kibao cha chini yake hutanuka mara kadhaa zaidi, na nukta za lehemu zilizo katikati ndizo zinazovutwa huku na huku kila kompyuta inapowashwa na kuzimwa. Tatizo hili si geni. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola za Marekani kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikifa kabla ya wakati, kwa sababu ya udhaifu wa nyenzo zilizotumika kuziunganisha na vibao vyake. Enzi hizo ndipo lilipozuka lile wazo la kuitia kadi kwenye tanuri la mikate ili lehemu ishike tena, na hadi leo wapo wanaoniletea kadi ambazo tayari zimekwisha kuokwa. Baadhi huamka, zikafanya kazi wiki moja, kisha zikafa kabisa. Kilichotokea ni kwamba joto limezisogeza nukta zilizopasuka zikagusana kwa muda, si kwamba zimelehemiwa upya. Naomba wasomaji waache desturi hiyo, hasa wale wanaotumia tanuri hilohilo kwa chakula.

Kipo na kisa cha uzito, ambacho nitakipitia haraka. Kwa kuwa joto limeongezeka, vipozaji vimeongezeka, na sasa kadi nyingi za juu zina uzito wa zaidi ya kilo mbili, zikining'inia ubavuni kwa bodi kuu. Bodi ya kadi inapasuka nyufa nyembamba kama unywele karibu na kile kindoano kinachoishikilia kadi kwenye nafasi yake, na kompyuta iliyosafirishwa bila kadi kutolewa mara nyingi hufika na kadi iliyokufa. Mguu wa kuiegemeza kadi hutiwa katika baadhi ya maboksi. Kwa kifaa cha uzito huo nafikiri unapaswa kutiwa katika yote, pamoja na onyo lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Swali ambalo makala yenu haikuligusa ni kwa nini tumefika hapa. GeForce GTX 480 ya mwaka 2010 ilichekwa dunia nzima kwa moto na kelele zake, na ukomo wake ulikuwa wati 250. Miaka saba baadaye, mwaka 2017, GTX 1080 Ti ilikuwa na ukomo huohuo wa wati 250 na hakuna aliyelalamika, kwa sababu vipozaji vilikuwa vimekua vikaufikia. Kisha zikaja 350 mwaka 2020, 450 mwaka 2022 na 575 mwaka 2025. Sehemu ya ongezeko hilo imeleta kazi ya kweli. Lakini sehemu nyingine inakwenda kutafuta asilimia chache za mwisho ili kadi ishinde katika chati za siku ya uzinduzi. Umeme unaoliwa na chipu unaongezeka kwa kasi ya mapigo yake mara mraba wa volti, na ili kupata mapigo ya juu kabisa ni lazima uongeze volti. Hivyo hatua ya mwisho ni ghali kuliko zote zilizotangulia. Anayetaka kuthibitisha achukue RTX 4090, aingie kwenye programu ya kudhibiti kadi, ashushe ukomo wa umeme hadi asilimia 70. Atapoteza asilimia chache za kasi, ambazo bila kipimo hatazitambua, na plagi, pesti, pedi na feni zote zitapumua. Mimi huwafanyia hivyo karibu wateja wangu wote, na sijapata hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba kadi yake imekuwa ya polepole.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na mwandishi wenu. Ikiwa fundi anaweza kuongeza maisha ya kadi kwa kubadilisha namba moja, basi namba ile ya kiwandani iliwekwa na mtu aliyejua kwamba anaipunguzia maisha, na akaona afadhali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: chati ya kasi ni ya kampuni, harufu ya plastiki ni ya mteja. Ningependa kadi ziuzwe zikiwa zimewekewa ukomo wa chini, na anayetaka asilimia zile za mwisho azifungue mwenyewe kwa hiari yake, akijua anachokifanya. Ningependa pia kila waya wa plagi upimwe, na kadi ijizime mmoja ukizidiwa. Mtu asiniambie kwamba haiwezekani, kwa kuwa ASUS iliweka vipimo vya mkondo wa kila pini katika kadi zake za Astral za mwaka 2025. Vipimo hivyo vinatoa onyo tu wala havigawi mzigo upya, lakini onyo hilo peke yake lingemwokoa kijana wangu. Na joto la ile sehemu kali kuliko zote lionyeshwe wazi kwa mwenye kadi, lisifichwe kama ambavyo baadhi ya kadi mpya zimeanza kufanya: RTX 5090 haimpi mtumiaji namba hiyo kabisa, na kwa fundi ni kama daktari kunyang'anywa kipimajoto.

Wapo watakaosema kwamba matukio ni machache ukilinganisha na idadi ya kadi zilizouzwa. Huenda ni machache. Ila kadi iliyoungua plagi inaungua ndani ya chumba cha mtu, mara nyingi usiku, ikiwa imeachwa peke yake imalize kazi, na uchache wa ajali haujawahi kuwa sababu ya kuondoa fyuzi. Jingine ni kwamba matatizo ya polepole hayahesabiwi na yeyote. Kadi inayokufa miezi miwili baada ya dhamana kwisha hairudi kiwandani. Inakuja kwangu, au inatupwa. Majaribio yanayoandikwa na magazeti, likiwemo lako, hufanywa kwa kadi mpya, mara nyingi juu ya meza iliyo wazi yenye hewa tele, kwa saa chache, kisha kadi inarudishwa. Hayo yanatuambia kadi itakavyokuwa wiki ya kwanza. Ingekuwa faida kubwa kwetu wasomaji kama dawati lako la teknolojia lingeirudia kadi moja tu baada ya miaka miwili ya kazi, ndani ya kasha lililofungwa, na kutuandikia namba zake za joto kando ya zile za siku ya kwanza.

Kuhusu kadi ya kijana yule, nimeipiga picha soketi na plagi yake kwa darubini kabla ya kugusa chochote, na nimempa picha hizo aziambatanishe na rufaa yake. Soketi mpya ninayo, na kulehemu pini 16 ni kazi ya asubuhi moja, lakini nimemshauri asubiri, maana nikiitengeneza ushahidi utakuwa umepotea. Kwa hiyo kadi bado ipo mezani ikiwa na plagi yake iliyogandana, na ikiwa mwandishi wenu atapenda kuja kuona jinsi kishikio kilivyonasa, namkaribisha.

Wako,
Fundi wa kompyuta na msomaji wa gazeti lako